Mtoto anaitwa "mkimbizi" darasani na walimu wenyewe wanacheka: nianzie wapi?

Marahaba mwalimu. Swali lako ni refu kidogo, naomba nilifupishe kwa faida ya wengine watakaosoma. Unafundisha Historia darasa la sita huko Kasulu, chumba kimoja watoto tisini na kitu, kuna mvulana wenzake wanamwita "mkimbizi" mpaka ameanza kukwepa shule, kuna binti wa Kimanyema (hao ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo) aliyehamia kutoka Ujiji anaambiwa babu zake walinunuliwa sokoni, na ukiwagusia walimu wenzako wanakujibu "aah, utani tu huo, sisi huku ndo tulivyo". Sasa afisa elimu kata kakupa uongoze kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, mwezi ujao, mada ni kutumia somo la historia kupunguza ubaguzi, na unauliza uanzie wapi wakati baadhi ya watakaokaa kwenye hicho kikao ndo wanaoanzisha hayo maneno.

Anza na hao hao. Nimekaa chuo cha ualimu huku Tabora mpaka nikastaafu na bado naitwa kwenye semina za hivi, na msimamo wangu haujabadilika: mwalimu ambaye hajawahi kuifukua kejeli inayomhusu yeye mwenyewe, ikajulikana ilizaliwa lini na nani alifaidika nayo, huyo ukimpa andalio zuri la somo la kupinga ubaguzi atalifundisha vizuri sana mpaka kengele, afu nje kwenye mti wa mwembe anaendelea kumwita mtoto wa watu Mrundi.

Na kitu cha kwanza uwaambie mapema ni kwamba hamtafundisha mahubiri. Ile ya kusimama mbele ukasema "sisi sote ni Watanzania, sote ni ndugu" watoto wanaiandika kwenye daftari, wanaijibu kwenye mtihani wanapata alama zote, na saa nne wakitoka kunywa uji wanaendelea pale pale walipoishia. Sio kwamba watoto ni wabaya. Kejeli ni hadithi fupi sana kuhusu zamani, "nyie mlinunuliwa", "nyie mlikimbia kwenu", "nyie kazi yenu vibarua", na hadithi haiondolewi na nasaha, inaondolewa na hadithi ndefu zaidi ya hiyo iliyo ya kweli. Hapo ndo historia ina kazi ambayo somo jingine halina. Uraia utamwambia mtoto asibague, historia inamwonyesha hilo neno lilitengenezwa na nani, mwaka gani, na kwa shida ya nani.

Sasa kikao chenyewe. Usianze na projekta wala prezentesheni (hata ukiwa nayo, umeme wenyewe unaujua). Gawa vipande vya karatasi, kila mwalimu aandike kitu kimoja ambacho watu wanasema kuhusu kabila lake YEYE, au dini yake, au sehemu aliyotoka. Kabila lake, sio la mwenzake, hapo usilegeze hata kidogo, maana ukiruhusu waandike ya wengine kikao kinageuka kijiwe. Walimu wa Kigoma mmechanganyika vizuri, kuna wa Mbeya, wa Mara, wa Kilimanjaro, wa Kagera, kila mmoja ana lake la kuandika na wengi wataandika wakicheka. Waache wacheke. Kisha chukua karatasi moja tu au mbili, na wote pamoja mjiulize maswali machache: hili neno lilianza kusemwa lini hasa, kulikuwa na nini kinaendelea wakati huo, nani alipata faida watu wakiamini hivyo, na wanaosemwa wenyewe walikuwa wanasema nini.

Nikupe mfano wa kwenu kabisa. Nina uhakika karatasi mojawapo itasema Waha ni watu wa vibarua, watu wa kutumwa. Haya, lilianza lini? Nenda enzi ya Mwingereza. Kodi inadaiwa kwa fedha taslimu, na fedha Buha, yaani nchi ya Waha, haikuwa na pa kutokea. Kilimanjaro na Bukoba kahawa ilikuwa inalipa kodi, kwa hiyo kijana wa kule hakuwa na sababu ya kwenda kukata mkonge wa mtu. Kigoma ikaachwa iwe ghala la nguvu kazi, na reli ya kati ilikuwa imeshafika tangu 1914, kwa hiyo kumpakia mtu Kigoma ukamshushe kwenye mkonge mbali huko ikawa kazi rahisi. Kufika 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda chombo chao maalumu cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha ikawa moja ya sehemu zilizochotwa sana. Ndo hao walioitwa manamba. Vijana wakaenda Tanga, wakaenda Morogoro, wengine walirudi na baiskeli na mabati, wengine hawakurudi kabisa, na hata leo ukienda Tanga utakuta mitaa ya Waha. Sasa mwulize mwalimu mwenzako: nani alihitaji watu waamini kwamba Mha kazaliwa kwa ajili ya kibarua? Mwenye shamba anayelipa mshahara mdogo alihitaji, afisa aliyeiacha wilaya bila zao la biashara alihitaji pia. Sisi wengine tumelirithi hilo neno bila hata kulipwa.

Usiishie hapo kwenye maelezo yako. Watume walimu, kila mmoja aende kwa mzee mmoja aliyewahi kwenda mkonge au ambaye baba yake alikwenda, amuulize nauli ilikuwa ya nani, alilala wapi njiani, alilipwaje, alirudi na nini. Hao wazee Kasulu, Buhigwe na Kibondo bado wapo, ila wanaondoka kila mwaka.

Huku Tabora nimewahi kuona karatasi ikibadilisha kikao kizima. Mwalimu mmoja wa Kinyamwezi, mtu wa makamo, mtaratibu sana, aliandika "wanasema sisi ni wabeba mizigo". Wenzake wakacheka, na mmoja akaongezea kwamba si ndo mlikuwa mnabeba pembe za Waarabu mkiwa mmefungwa minyororo. Ndipo tukakaa nayo. Ukweli ni kwamba wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa mshahara, wanapatana bei kabla ya safari, wanalipwa kwa nguo na shanga na waya, na mchukuzi mwenye mzigo wa kilo thelathini hivi mabegani alijua thamani yake, wakigoma msafara hauondoki, Wazungu wamelalamika sana kwenye maandishi yao kuhusu hilo. Yule mwalimu akasema bibi yake alikuwa anawaambia kwamba zamani kijana ambaye hajafika pwani hahesabiwi mwanaume kamili, hata kuoa ilikuwa shida. Kile alichokiandika kama aibu akakisimulia amesimama. Aliyemtania naye akauliza, sasa mbona vitabuni picha ni ile moja tu ya minyororo? Swali kama hilo likitoka kwa mwalimu mwenyewe, mafunzo yako yamefika nusu ya safari.

Najua utakutana na ukuta wa "ni utani tu". Usibishane nao kwa kusema utani ni mbaya, utashindwa, na isitoshe sio kweli. Utani wa makabila ni moja ya vitu vizuri tulivyonavyo, na mwingi una historia yake, kuna uliotokana na vita vilivyokwisha, kuna uliotokana na misafara, ndo maana Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana ingawa mmoja yuko Tabora na mwingine pwani. Lakini utani una masharti. Mtani anarudishiwa. Mtani akifiwa unakwenda, unafanya vituko vyako msibani, unachangia na kazi unafanya. Sasa waulize, yule mvulana wa darasa la sita akimrudishia mwalimu maneno yaleyale atacheka au atachukua fimbo? Na baba yake akifa leo ni nani kati ya wanaomwita mkimbizi atakwenda matangani kama mtani? Kama jibu ni hakuna, basi tusiuchafue utani kwa kuuita jina hilo. Mi nimeona hoja hii inafanya kazi kuliko zote, kwa sababu haiwanyang'anyi watu kitu wanachokipenda.

Tuje kwa huyo mvulana sasa. Kwa somo la "mkimbizi" na "Mrundi" chombo chako ni ramani. Chora ubaoni ziwa, mto Malagarasi, Kasulu, Kigoma, Bujumbura, usichore mpaka wowote. Waulize watoto mpaka upite wapi na kwa nini. Waache wabishane. Ndipo uwape mambo matatu: kwamba kabla ya wakoloni Buha ilikuwa na tawala zake kadhaa, Heru, Buyungu, Muhambwe na nyingine, kila moja na mwami (mfalme) wake, na upande wa pili Burundi nao walikuwa na mwami, na lugha zinasikilizana mpaka leo. Kwamba enzi ya Mjerumani Burundi, Rwanda na Tanganyika zote zilikuwa koloni moja. Na kwamba mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yakaingia kutoka Kongo yakaiteka Kigoma, yakaendelea mpaka Tabora, na Mbelgiji akakaa Kigoma mpaka 1921 ndipo akamwachia Mwingereza, yeye akabaki na Rwanda na Burundi. Yaani Wazungu wangepatana tofauti kidogo mezani, darasa lako zima lingekuwa linaimba wimbo mwingine wa taifa. Watoto hapo huwa wananyamaza kidogo afu wanaanza kuuliza maswali ya maana.

Kwa walimu kuna kitu kingine unaweza kuongeza, na kinauma ndo maana kinafaa: wengi wao wakipanda basi kwenda Dar au Mwanza wanaulizwa "we kweli Mtanzania?" kisa lafudhi. Mtu wa Kigoma anaijua hiyo. Sasa kile alichofanyiwa yeye njiani ndicho anachomfanyia mtoto wa miaka kumi na mbili darasani.

Kisha zungumzia kukimbia kwenyewe, kwa miaka, sio kwa ujumla ujumla. 1972 mauaji Burundi, watu wanavuka kwa makumi ya maelfu, wengine wanapelekwa Ulyankulu huku kwetu Tabora, wengine Katumba na Mishamo ambako siku hizi ni Katavi, wanapewa mapori wanayageuza mashamba. 1993 rais Ndadaye anauawa, wanavuka tena. 1996 vita Kongo, kambi ya Nyarugusu inafunguliwa hapo Kasulu. 2015 mgogoro wa rais Nkurunziza wa Burundi kutaka muhula wa tatu, Nyarugusu inafurika inakuwa moja ya kambi kubwa kabisa duniani, kambi ya Nduta inafunguliwa upya. Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen, ile ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mwaka 1983 kwa namna nchi hii ilivyopokea watu, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati ya wale wa 1972 na watoto wao walipewa uraia. Kwa hiyo kuna watoto leo wanaitwa wakimbizi ambao wamezaliwa Tanzania na wazazi waliozaliwa Tanzania, na vyeti wanavyo.

Lakini usiwafiche watoto upande wa pili. Mtoto wa kijiji kinachopakana na kambi anajua kuni ziliisha, anajua kulikuwa na vipindi vya ujambazi njiani, amesikia baba yake akilalamika kwamba mashirika yanajenga kambini wakati zahanati ya kijiji haina dawa. Ukifundisha kana kwamba hayo hayakuwepo atakuona mwongo na hatakuamini kwenye lolote. Yaandike ubaoni. Yaandike pamoja na mengine, soko la pamoja lililochangamsha biashara, wakimbizi waliolima mashamba ya wenyeji kwa ujira wa kusikitisha (hapo sasa, nani alimfanya nani kibarua?), ndoa, makanisa na misikiti. Watoto wakiona mwalimu haogopi malalamiko yao wanaacha kuyageuza matusi.

Na tafadhali sana, usimsimamishe yule mvulana kuwa shahidi. Najua inavutia, "hebu tuambie familia yenu ilipitia nini". Usifanye. Wala usiulize darasani nani wazazi wake walikuja wakimbizi, maana mambo ya uraia ni mazito kwa hizo familia na wewe hujui nani kakaa na karatasi gani, na neno la mtoto darasani linafika mtaani kabla ya jioni. Akitaka kusema mwenyewe siku moja, sawa. Darasa lisomee watu wa mbali kidogo kwanza, mwenyewe atajiona humo bila kunyooshewa kidole.

Somo la pili ni gumu zaidi, la utumwa, na hapa nina ugomvi wa miaka mingi na namna tunavyolifundisha. Mwalimu anachora mnyororo, anachora Mwarabu mwenye kanzu, anachora pembe, anaorodhesha sababu tano na matokeo sita, kipindi kimeisha. Kwa shule ya Kigoma Ujiji au ya Tabora mjini umeshawaumiza watoto wa aina mbili kwa mkupuo, mjukuu wa Kimanyema aliyeonyeshwa kwamba yeye ni bidhaa, na mtoto mwenye damu ya Kiarabu aliyeonyeshwa kwamba yeye ni mwizi wa watu. Wote wanakwenda mapumziko na jina jipya na jina hilo wamelipata kwako.

Fundisha mtandao wa biashara nzima. Pembe zilikuwa zinakwenda wapi? Zilikwenda Ulaya na Marekani kuwa vipande vya piano na mipira ya mchezo wa biliadi sebuleni kwa watu waliokuwa wanapinga utumwa kwa maneno. Watu waliotekwa walikwenda wapi? Wengi Zanzibar na pwani kwenye karafuu na minazi. Nani alikuwa anafaidika katikati? Wafanyabiashara wa pwani kweli, kina Tippu Tip na Rumaliza aliyeshika Ujiji, watawala wa bara waliouza mateka, waliotoza hongo (ushuru wa kupita kwenye nchi yao), Mirambo wa Urambo aliyefunga na kufungua njia alivyotaka mpaka akafa 1884, matajiri wa Kihindi wa Zanzibar waliokopesha mitaji. Mtoto akiuona mtandao mzima hawezi tena kuweka kosa lote kwenye rangi ya mtu mmoja wala aibu yote kwenye ukoo mmoja. Na Wamanyema wenyewe walivuka ziwa kwa njia nyingi, wengine walitekwa ndiyo, wengine walikuja wachukuzi, askari wa misafara, wafanyabiashara, wake wa watu, na ndo waliochangia kuijenga Ujiji ikawa mji. Utumwa ni kitu mtu alifanyiwa na watu wengine. Kabila la watumwa halipo, na sheria iliyoufuta utumwa kabisa Tanganyika ilikuja 1922, yaani ni juzi juzi tu kwa hesabu za historia, kwa hiyo kabla ya kumcheka mwenzio waulize kwenu vizuri bibi wa bibi yako alitokea wapi.

Ukitaka kipindi kimoja cha mfano cha kuwaonyesha walimu, chukua ile siku ya Novemba 1871 pale Ujiji. Kila mtoto anaijua, Wazungu wawili wamekutana chini ya mwembe, mmoja Livingstone mwingine Stanley. Chora duara ubaoni, waweke hao wawili katikati, kisha uliza nani mwingine alikuwepo. Kwanza watakaa kimya. Ndipo uanze kujaza. Alikuwepo Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye ndiye aliyemkimbilia Stanley wa kwanza kumsalimia. Alikuwepo Chuma, aliyetekwa na wauza watu angali mtoto akaokolewa, na hao wawili ndio walioongoza msafara wa kubeba maiti ya Livingstone mwaka 1873 na 1874 kutoka Zambia ya leo, kupitia Tabora, mpaka Bagamoyo. Alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akapelekwa mpaka India, akapata uhuru wake akarudi, akawaongoza wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, akamwongoza Stanley, afu akavuka na Mzungu mwingine, Cameron, bara zima mpaka upande wa Atlantiki. Mtu aliyeuzwa sokoni ndo alikuwa anajua njia, wenye vitabu walikuwa wanamfuata nyuma. Binti yako wa Kimanyema akisikia hilo huhitaji kumpa nasaha yoyote.

Na weka Waha kwenye lile duara. Stanley alipopita Uha (ndo hiyo hiyo Buha) alibanwa hongo na kila mtawala, nguo zikawa zinapungua, mwisho akaona atafilisika akaamua kutoroka usiku kwa kujificha porini na msafara wake mzima. Watoto wa Kasulu hapo huwa wanapiga meza! Ila angalia, usiwaache watoke na majivuno ya kabila, maana tutakuwa tumeondoa dharau moja tumeweka nyingine. Waulize hapo hapo, na wapagazi maskini waliokuwa wanabeba zile nguo za hongo waliwaonaje Waha?

Kuna jambo moja ni la walimu tu, la darasa la sita ni zito. Speke, yule aliyefika Ujiji na Burton mwaka 1858 na akapita Tabora zaidi ya mara moja, aliandika dhana kwamba watawala wa maeneo ya maziwa makuu lazima wawe ni watu wa damu nyingine waliotoka kaskazini, bora kuliko wanaowatawala. Ilikuwa kubahatisha kwake tu. Lakini wakoloni waliokuja baadaye wakaichukua kama sayansi, Wabelgiji Rwanda miaka ya 1930 wakaiweka mpaka kwenye vitambulisho, huyu Mhutu huyu Mtutsi huyu Mtwa, na vitambulisho hivyo hivyo mwaka 1994 vilikuwa vinaulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Baada ya mauaji ya kimbari Rwanda walisimamisha kwa miaka kufundisha historia ya nchi yao mashuleni, maana historia iliyokuwepo ilikuwa imeshiriki. Waambie walimu wenzako hilo taratibu. Buha nako watawala wengi walihesabiwa Watutsi, kwa hiyo maneno ya pua na urefu na nani kazaliwa kutawala yapo hata huku, na mwalimu akiyasikia ajue yanakotoka.

Sitakushauri ile michezo ya kugawa watoto makundi, hawa leo bora hawa leo duni, ili waonje ubaguzi. Ilitoka kwa mwalimu mmoja wa Iowa, Marekani, Jane Elliott, mwaka 1968 baada ya Martin Luther King kuuawa, aligawa watoto kwa rangi ya macho, na semina nyingi zinaisifia. Darasa la watoto tisini na mwalimu ambaye hajawahi kuisimamia, watakaowekwa kundi duni ni wale wale, na wewe huna muda wa kuwatibu kabla ya kipindi cha Hisabati.

Mengine ni ya utendaji. Walimu watakuambia mtaala haujaweka mada hiyo. Ipo, somo lenyewe siku hizi ni Historia ya Tanzania na Maadili, biashara ya misafara ipo, ukoloni upo, uhusiano wa jamii upo, kwa hiyo hubadilishi azimio la kazi hata mstari mmoja, unabadilisha maswali ndani ya andalio. Mthibiti ubora akija anakuta umahiri ule ule. Dakika arobaini hazitoshi kila kitu, chagua swali moja.

Ila usikose kipindi cha majaribio. Mwalimu mmoja afundishe mbele ya wenzake dakika kumi na tano, na wenzake wawe wanafunzi watukutu kweli kweli, wamrushie yale maneno yenyewe yanayorushwa darasani: "mwalimu lakini si kweli walinunuliwa?", "mwalimu huyu naye ni Mrundi!". Hapo ndo utaona mtu mzima mwenye shahada anakwama. Andaeni jibu pamoja. La kwangu ni fupi: "Nani kakuambia, na yeye aliambiwa na nani?" nalisema bila ukali, afu namgeuzia aliyesema ndo awe mtafiti wa hilo jambo mpaka kipindi kijacho. Kumchapa hakusaidii, anajifunza tu kulisema wewe ukiwa umetoka.

Matokeo usiyapime kwa mtihani. Angalia nani anakaa na nani bila kupangwa, nani anachaguliwa kwenye timu mapema, nani amependekezwa kuwa kiranja, na ofisini sikiliza walimu wanawaitaje watoto wasipokuwepo.

Na kuhusu huyo mvulana usisubiri kikao cha mwezi ujao. Nenda nyumbani kwao wiki hii, usiende na mwalimu wa nidhamu, nenda peke yako au na mwalimu mwingine wa kike anayeheshimika mtaani, ongea na mama yake mambo ya shule tu, na kesho yake muongee na mkuu wa shule mkiwa wawili kwamba jina hilo likitoka tena kinywani mwa mwalimu mbele ya watoto ni suala la maadili ya kazi, halina cha MEWAKA wala cha historia.